Mchumaji hapimwi kwa pishi tu: kuhusu makala yenu ya mabingwa wa besiboli

Mhariri,

Assalaam alaykum. Mie msomaji wenu wa siku nyingi hapa Wete, gazeti huku linafika limechelewa na siku nyengine la jana nalisoma leo, lakini nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Juzi kwenye ukurasa wa michezo mlitoa makala ya wachezaji wakubwa wa besiboli wa Marekani wa zamani, wale wanaosimama nyuma kabisa uwanjani, kushoto, kati na kulia, kazi yao kukimbilia mipira mirefu, na mlivowapanga ndo kulikonikalisha chini niandike. Mmewapanga kwa hesabu ya homrani tu, yaani mipira iliyovuka uzio, aliepiga nyingi juu, aliepiga chache chini, basi imekwisha. Joe DiMaggio mmemtupa chini huko na homrani zake 361, halafu sentensi ya mwisho mnasema yeye ndie aliekuwa na jina kubwa kuliko wote wakati wake. Sasa msomaji ashike lipi? Na yupo mtu mmoja hamkumtaja kabisa, nitamfikia.

Najua watu watauliza Mpemba kaijulia wapi besiboli. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa baharia. Alitoka hapa kijana akapanda meli, akazunguka bandari hii na ile mpaka akateremkia New York akakaa Brooklyn miaka mingi tu, na aliporudi nyumbani miaka ya 80 alirudi na sanduku la chuma, redio, na glovu ya besiboli. Glovu hiyo ninayo mpaka leo, iko juu ya kabati hapa ninapoandika. Ngozi yake rangi ya halua, kiganja kimekoza weusi pale mpira unapotua, na baina ya dole gumba na kidole cha shahada kuna wavu wa kamba za ngozi, mbili zilikatika ami akazishona upya kwa mshipi wa kuvulia. Kila Ijumaa akirudi msikitini anaipaka mafuta ya nazi, anatia mpira katikati anaifunga kwa kamba isipoteze umbo. Sie watoto akitutoa nyuma ya nyumba akitufundisha kukamata kwa kuturushia madanzi, na danzi likikupasukia mkononi ujue umelikamata vibaya, mana mpira haupigwi kofi, unaupokea huku mkono unarudi nyuma nao kidogo. Na sheria yenyewe ndo hiyo hiyo, mtu kapiga mpira kwa rungu, ukiudaka haujagusa chini katoka, ukivuka uzio ndo homrani, anazunguka vituo vyote na hana wa kumzuia.

Ami alimuona Willie Mays, mmoja wa hao wakubwa, kwa macho yake, lakini alimuona mzee. Mays alirudi New York Mei 1972 kuchezea timu ya Mets, umri miaka 41, na mwaka uliofata wakafika fainali, World Series, wakicheza na Oakland. Mechi ya pili Mays akakimbilia mpira akaanguka, na Marekani nzima ikaona. Ami akisema alizima TV. Mpaka leo wenyewe Wamarekani wakitaka kusema mchezaji fulani kakawia kustaafu wanaitaja siku hiyo ya Mays kuanguka, lakini mechi ile ile, ilipokwenda mpaka raundi ya 12, aliepiga mpira uliowatia mbele Mets ni Mays yule yule, wakashinda 10 kwa 7. Kuanguka kunakumbukwa na mpira haukumbukwi. Tokea nilipohadithiwa hilo nikajua sifa ya mtu na uwezo wa mtu zinakwenda njia mbili, saa nyengine zinakutana saa nyengine hazikutani.

Sasa tuje kwenye hesabu zenu. Sie huku ni watu wa karafuu Mhariri. Mchumaji mmoja kaleta pishi kumi mwengine kaleta sita, hakuna mtu mzima Pemba atakaesema hapo hapo huyu wa kumi ndo hodari, kwanza utauliza kachuma shamba gani, mikarafuu mikongwe ya kupandia kwa kamba au michanga ambayo unachuma umesimama chini, msimu mkubwa au msimu mbovu, na mvua ilikuwepo au hakuna. Basi viwanja vya besiboli ndo mashamba yenyewe, hakuna viwili vinavolingana, si kama mpira wetu wa miguu kwamba kiwanja cha Gombani na cha Amaan vyote vina goli saizi moja.

Chukueni siku moja tu, tarehe 29 Septemba 1954, kiwanja cha Polo Grounds, New York. Kiwanja hicho kilikuwa na umbo la ajabu, kirefu katikati kama karibu mita 147 mpaka ukuta, lakini pembeni kulia hata mita 80 hazifiki. Fainali mechi ya kwanza, New York Giants na Cleveland, 2 kwa 2, raundi ya nane, Cleveland wana watu wawili vituoni. Vic Wertz akaupiga mpira mrefu, ukaenda katikati, zaidi ya mita 120, viwanja vyengine vingi ule unatoka nje. Mays akageuka akaupa mpira mgongo, akakimbia kuelekea ukutani, akaupokea juu ya bega anaangalia ukuta, mpira ukimjia kwa nyuma kama mtu anaedaka embe linaloanguka mtini bila ya kuangalia juu, na papo hapo akajizungusha akaurusha ndani, kofia ikamtoka. Larry Doby wa Cleveland aliekuwa kituo cha pili akasogea kimoja tu, hakufunga. Watu wanasifu kudaka, lakini Mays mwenyewe alisema miaka yote kwamba kudaka hakukuwa na wasiwasi nako, alichokuwa akikifikiria wakati anakimbia ni vipi ataurudisha mpira. Raundi ya 10 Dusty Rhodes wa Giants akapiga mpira mfupi, mwepesi, pembeni kulia kule kusikofika mita 80, ukavuka. Homrani. Giants 5, Cleveland 2. Kwenye vitabu vya hesabu Rhodes kaandikiwa homrani na Wertz kaandikiwa katoka. Mpira wa Wertz ulikwenda mbali kupita wa Rhodes kama mita 40 na zaidi. Sasa nyinyi mnapanga watu kwa homrani!

Na upepo jee? Giants wakahamia San Francisco 1958, na kuanzia 1960 wakacheza kiwanja cha Candlestick, kilichojengwa ukingoni mwa ghuba, upepo wa baharini unaingia kama kusi la Julai na unairudisha mipira ndani, na Mays anapiga kwa mkono wa kulia kwahivo mipira yake mingi inakwenda upande ule ule unaotoka upepo. Alijifunza kuipiga upande wa pili ipite na upepo, kama nahodha anavogeuza tanga. Mtu huyo alicheza huko zaidi ya miaka 10, na kabla ya hapo jeshi lilimchukua sehemu kubwa ya 1952 na 1953 yote, na bado akamaliza na homrani 660, glovu za dhahabu 12 za ulinzi, mchezaji bora wa ligi mara mbili, 1954 na 1965, miaka 11 baina yake. Alifariki Juni 2024 na miaka 93, Mungu keshamchukua, na mimi namuweka wa kwanza katika wale ambao hesabu zao tunazo kamili. Sioni wa kumshinda.

Mickey Mantle mmemuweka pazuri lakini mmekosea tarehe ya goti lake, mmeandika 1952. Si kweli. Ni 5 Oktoba 1951, na nawaomba muisahihishe mana hadithi yenyewe ni kubwa. Ilikuwa fainali, Yankees na Giants, Mantle kijana wa miaka 19 anasimama kulia, katikati yuko Joe DiMaggio ambae huo ndo mwaka wake wa mwisho, na aliepiga mpira ni nani? Willie Mays, mwaka wake wa kwanza. Mpira ukapanda baina ya Mantle na DiMaggio. Mantle akaukimbilia kwa kasi yake yote, akasikia DiMaggio anauita wa kwake, akajizuia ghafla, kiatu kikanasa kwenye mfuniko wa mtaro wa maji, goti likenda, akaanguka pale pale kama mnazi uliokatwa. DiMaggio akaudaka. Mpira mmoja Mhariri, na ndani yake wako watatu ambao watu wanabishana mpaka leo nani mkubwa, mmoja kaupiga mmoja kaudaka mmoja kaumia, na tokea siku ile Mantle hakuwahi tena kuwa mzima wa miguu. Kwa miguu hiyo hiyo akaja akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu, na mwaka 1956 akaongoza wastani wa kupiga (mara ngapi kapiga vizuri katika mara alizosimama kupiga), homrani 52, na kuingiza watu 130, vyote vitatu kwa pamoja, ligi kubwa zote mbili za Marekani. Ami akisema wazee wa Brooklyn walikuwa wakigombana kwenye vinyozi, huyu Mays, huyu Mantle, huyu Duke Snider mana Snider ndo alikuwa wao wa Brooklyn, na hapakuwa na anaekubali kushindwa. Kwa miaka miwili mitatu ya juu kabisa Mantle anaweza kuwa aliwafika wote. Kwa maisha mazima hapana.

DiMaggio. Huyu nampenda mwenyewe, baba yake alikuwa mvuvi San Francisco, alitaka watoto wote wengie baharini na Joe hakuiweza harufu ya samaki akakimbilia mpira. Mwaka 1941 alipiga mpira mzuri, ule unaomfikisha kituoni, mechi 56 mfululizo, rekodi ambayo haijaguswa mpaka leo. Na kitu mlichokiacha ni hiki, homrani 361 na katika maisha yake yote kukosa mpira mara tatu akatolewa kulimfika mara 369 tu, yaani karibu sawa kwa sawa, Mantle zake za kutolewa hivo ni 1,710. Kiwanja cha Yankees upande wake wa kupigia, kushoto katikati, kilikuwa karibu mita 140, na vita vikamla miaka mitatu, 1943 mpaka 1945. Kwahivo chini mlikomuweka siko. Lakini juu alikowekwa na wao pia siko. Mwaka 1969 Wamarekani walipiga kura ya kuadhimisha miaka 100 ya besiboli ya kulipwa wakamchagua DiMaggio mchezaji mkubwa kuliko wote waliokuwa hai, na tokea hapo akitaka atambulishwe hivo hivo kila anapokwenda. Wakati huo Mays yuhai na bado yuko uwanjani! Hank Aaron yuhai, Ted Williams yuhai, Mantle yuhai. Ile ilikuwa kura ya jina, suti nzuri, na Yankees kushinda ubingwa mara tisa akiwemo, kuna watu sura yao na timu yao inawabeba na yeye alibebwa, ingawa hata asingebebwa angetembea vizuri tu kwa miguu yake.

Ted Williams wa Boston kinyume chake. Mwaka huo huo 1941 alipata wastani wa 0.406, na hakuna aliefika 0.400 tokea hapo kwenye zile ligi kubwa mbili, na tuzo ya mchezaji bora akapewa DiMaggio. Mwaka 1947 ndo uchungu zaidi, Williams kaongoza vyote vitatu na tuzo kapewa DiMaggio tena kwa pointi moja, 202 kwa 201. Waandishi wa magazeti hawakumpenda na yeye hakuwapenda, na wao ndo wapiga kura. Magazeti yana nguvu hiyo Mhariri, ndo mana nawaandikia nyinyi.

Ty Cobb sitamrefusha, mwaka 1936 ilipopigwa kura ya kwanza ya jumba la heshima la Cooperstown alipata 222 katika 226, akampita hata Babe Ruth aliekuwa na rekodi ya homrani, halafu alipokufa 1961 jina likapakwa matope na hadithi nyingi zilizotoka kwa mtu mmoja aliemsaidia kuandika maisha yake, na waliokuja kuchunguza baadae wakakuta nyengine hazina mguu. Hakuwa mtu mpole, hilo kweli.

Hank Aaron mmemuweka juu kwa homrani 755 na mie nakubali awe juu lakini si kwa sababu hiyo. Mfanyieni hesabu hii, ziondoeni homrani zote 755, zitupeni baharini, bado anabaki na mipira mizuri 3,016. Hakuna mwaka hata mmoja aliofika homrani 50, alichuma kidogo kidogo miaka 23 bila ya kelele, Milwaukee na Atlanta, mbali na magazeti ya New York. Alipomaliza 1973 na 713, moja tu kumfikia Ruth, kipupwe kizima cha kule kikapita anaandikiwa barua maelfu kwa maelfu na nyingi zimejaa matusi na vitisho vya kumuua kwa kuwa mtu mweusi anakwenda kuivunja rekodi ya mzungu. Tarehe 8 Aprili 1974 akaivunja. Nasikia alizihifadhi barua zile. Angekuwa New York tokea mwanzo wallahi ubishi wa Mays na Mantle ungekuwa wa watu watatu.

Sasa mtu mliemuacha. Oscar Charleston. Kazaliwa Indianapolis 1896, mlinzi wa kati, akisimama karibu sana na wa mbele kwa vile alivojiamini mbio zake za kurudi nyuma, akipiga kwa nguvu na akiiba vituo, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ligi kubwa kwa sababu ya rangi yake, mlango ulikuja kufunguliwa na Jackie Robinson 1947 na Charleston keshapita miaka 50. Alicheza ligi za watu weusi, na miaka ya 30 akaiongoza Pittsburgh Crawfords iliyokuwa na Satchel Paige na Josh Gibson, magwiji wa ligi hizo, ndani. Buck O'Neil aliecheza ligi hizo na akawaona wote alisema Mays ndie mchezaji mkubwa kuliko wote aliowaona ligi kubwa, lakini mchezaji mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona popote ni Charleston.

Nilipolisema hili barazani mtoto wa dada yangu, mwenye simu mkononi, akanambia mjomba mtu hajapigwa hata TV, unamsifu vipi? Nikamwambia yakhe, na babu yako alivokuwa akicheza ng'ombe wewe ulimuona? Hakumuona. Hakuna Pemba aliemuandika wala kumpiga picha, lakini wazee waliosimama ukingoni mwa uwanja wanajua nani alikuwa akimkabili ng'ombe na nani alikuwa akipanda mti, na walipokubaliana wote, watu wa Wete na wa Chake na wa Mkoani ambao hawakubaliani kitu, jina likakaa. Akanyamaza, akatafuta kwenye simu, halafu mwenyewe akasoma kwa sauti: Mei 2024 hesabu za ligi za watu weusi za 1920 mpaka 1948 zimetiwa rasmi kwenye vitabu vya ligi kubwa, na kwenye wastani wa maisha wa kwanza ni Josh Gibson 0.372, wa pili Ty Cobb 0.367, wa tatu Oscar Charleston 0.363. Watu wa barazani walisimamisha bao.

Hesabu hizo nazo ni pungufu, mana mechi zao nyengine zilichezwa vijijini na miji midogo bila ya mwenye daftari, kwahivo siwezi kusema kwa uhakika kampita Mays, na sitasema. Nasema wawekwe pamoja. Ted Williams yule yule aliekuwa hana maneno matamu, alipoingizwa jumba la heshima 1966 alisimama mbele ya watu akasema anatumai siku moja kina Satchel Paige na Josh Gibson nao wataingizwa kwa niaba ya wachezaji weusi wakubwa ambao hawakupewa nafasi. Paige akaingia 1971. Charleston akaingia 1976, miaka 22 keshakufa. Alifariki Philadelphia mwanzoni mwa Oktoba 1954, umri 57, siku chache tu baada ya Mays kuudaka ule mpira wa Wertz na picha zake kujaa kila gazeti.

Kwahivo ombi langu ni mawili tu Mhariri. Tarehe ya goti la Mantle isahihishwe, na huyu mtu apewe nafasi yake kwenye ukurasa ule ule, na picha. Zipo. Kwenye moja amevaa kofia ya timu, kifua kipana, anaangalia kamera bila ya kucheka. Jina lake kamili ni Oscar McKinley Charleston.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba